Kuugua, Kuuguza na Kupendana: Askari na Muuguzi katika Filamu Tatu za Vita Kuu ya Kwanza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza penzi baina ya askari na muuguzi katika filamu tatu zinazotokana na kisa kimoja cha Vita Kuu ya Kwanza nchini Italia: A Farewell to Arms ya mwaka 1932, A Farewell to Arms ya mwaka 1957 na In Love and War ya mwaka 1996. Uchambuzi unaongozwa na kitenzi cha Kiswahili -uguza na namna kinavyowapanga washiriki wa tendo. Makala yanadai kwamba penzi la aina hii hujengwa kwenye skrini kwa kuifuta kazi ya uuguzi, na kwamba hata filamu iliyojaribu kuirejesha kazi hiyo ilimnyang'anya muuguzi kitu kingine, yaani uamuzi wake wa kuacha kupenda.

Utangulizi

Kisa cha askari aliyejeruhiwa na muuguzi anayempenda ni miongoni mwa visa vilivyodumu sana kwenye skrini, na sababu yake si ngumu kuiona. Jeraha humtoa askari vitani bila kumvunjia heshima. Humlaza, humnyamazisha, kisha humpa mwanamke asiyemjua ruhusa ya kumgusa. Ruhusa hiyo ndiyo mtaji wa kisa kizima. Nje ya wodi, mwanzoni mwa karne ya 20, binti wa familia ya heshima asingethubutu kumvua shati kijana wa kigeni na kumwosha mgongo. Ndani ya wodi hiyo ilikuwa sehemu ya zamu yake. Filamu hulichukua tendo hilo la kazi na kulifanya tendo la mahaba, na mtazamaji hukubali kwa kuwa mikono ni ileile.

Swali linaloulizwa hapa ni kazi yenyewe hupotelea wapi mikono inapobadilishiwa maana. Swali hilo ni la kifilamu, lakini ni la kiisimu pia, kwa sababu linahusu nani anapewa nafasi ya mtenda, nani ya mtendwa, na nani anaondolewa kabisa katika sentensi. Uhakiki wa filamu kwa Kiswahili umezoea kuazima istilahi zake kutoka nje, kisha kuhangaika kuzitafsiri. Katika suala hili hakuna haja ya kuazima. Mnyambuliko wa kitenzi kimoja cha kila siku unatosha kuanzia.

Kisa cha msingi kinajulikana vyema. Ernest Hemingway, kijana wa miaka 18 aliyejitolea kuendesha magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, alijeruhiwa miguuni kwa kombora tarehe 8 Julai 1918 huko Fossalta di Piave, alikokwenda kuwagawia askari wa Italia chokoleti na sigara. Alilazwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu mjini Milan, na huko akampenda Agnes von Kurowsky, muuguzi Mmarekani wa miaka 26 aliyesomea kazi yake katika hospitali ya Bellevue, New York. Kijana alirudi Marekani akiamini kwamba wataoana. Mwezi Machi 1919 Agnes alimwandikia kumwarifu kwamba anatarajia kuolewa na mtu mwingine, afisa wa Italia. Miaka 10 baadaye, mwaka 1929, ilitoka riwaya ya A Farewell to Arms, ambamo muuguzi Catherine Barkley hamwachi askari Frederic Henry kwa barua, bali kwa kufa katika uzazi.

Baina ya Agnes na Catherine kuna mabadiliko mawili ambayo wahakiki huyapita haraka. Agnes alimzidi Hemingway kwa miaka saba. Tofauti hiyo ya umri haipo tena riwayani kama jambo lenye uzito. Pili, Agnes alikuwa muuguzi wa taaluma, ilhali Catherine ni Mwingereza wa kikosi cha kujitolea cha VAD, na mwenyewe anakiri mapema kwamba yeye si muuguzi kamili. Kabla kamera haijawashwa, basi, muuguzi alikwisha kupunguzwa umri na kushushwa cheo.

Kitenzi na washiriki wake

Kiumbo, -uguza ni kauli ya kutendesha ya -ugua. Ukikiweka karibu na jozi kama -pungua/-punguza au -ungua/-unguza, utatarajia kwamba anayeuguza ndiye anayemfanya mtu augue, kama vile anayeunguza wali ndiye anayeufanya wali uungue. Sivyo. Anayeuguza hasababishi ugonjwa. Anakaa na anayeugua mpaka ugonjwa uishe, kwa kupona au kwa kufa. Usababishi hapa ni wa kuambatana: mtenda anaingia katika tendo la mwenzake na kulibeba pamoja naye. Ndiyo maana -uguza si sawa na -ponya wala -tibu. Vitenzi hivi viwili vina kikomo na vina tija. Mtu huulizwa kama ametibiwa, kama amepona. Kuuguza hakuna tija ya kuonesha. Kuna uji, beseni, shuka, na usiku mrefu. Methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji inaeleza vizuri hulka ya kazi hiyo: muuguzi hutangulia kujua, na kujua kwake hakungojei ombi.

Matumizi ya kitenzi hiki yanaweza kuwakilishwa kwa sentensi nne:

(1) Muuguzi anamuuguza askari.
(2) Askari anauguza majeraha.
(3) Niko hospitali, nauguza.
(4) Wanauguzana.

Sentensi (1) ni ya kawaida: kiima ni anayehudumia, yambwa ni mgonjwa. Sentensi (2) imeenea sana katika magazeti, hasa ya Kenya, ambako kila ajali ya barabarani huacha watu kadhaa "wakiuguza majeraha". Hapa mgonjwa amekwea hadi nafasi ya kiima, yambwa ni majeraha yake mwenyewe, na yule aliyekuwa akimhudumia ametoka katika sentensi bila kuagwa. Sentensi (3) ni kinyume chake. Ndiyo kauli ya jamaa aliyeketi kwenye benchi nje ya wodi: hana haja ya kumtaja mgonjwa, maana kuuguza kumekuwa hali yake, karibu kazi yake. Sentensi (4) haisikiki mara nyingi, ila wazee walioishi pamoja muda mrefu wanaielewa bila maelezo.

Inafaa kuongeza kwamba Kiswahili kina neno "nesi" kando ya "muuguzi", na maneno haya hayafanyi kazi moja. "Nesi" humtaja mtu kwa sare na kituo chake. "Muuguzi" hubeba kitenzi ndani yake. Haiwezekani kulitamka bila kulitaja tendo. Kwa kipimo hicho, takriban wanawake wote wa filamu za kivita wenye kofia nyeupe ni manesi. Ni wachache walio wauguzi.

Dari za Milan: filamu ya 1932

A Farewell to Arms ya Frank Borzage, iliyotengenezwa na kampuni ya Paramount, Gary Cooper akiwa Frederic na Helen Hayes akiwa Catherine, ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ikiwa ya upigaji picha wa Charles Lang. Sehemu yake inayokumbukwa zaidi ni ile ya Frederic kuingizwa hospitalini. Borzage hamwoneshi askari akibebwa. Anailaza kamera yenyewe katika machela. Tunachokiona ni anachokiona aliyelala chali: matao na dari zinapita juu, nyuso zinainama, zinauliza, zinatoweka. Anafikishwa kitandani. Kisha Catherine anaingia mbio na kuinama, uso wake ukikaribia mpaka unaijaza skrini na kupoteza umbo, jicho moja likibaki kubwa kupita kiasi, hadi busu linapofunga kila kitu.

Kwa hukumu ya makala haya, sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote katika filamu tatu zinazojadiliwa, na ubora wake unatokana na ukweli wake kuhusu kuugua. Cooper alikuwa mrefu, mwanamume aliyezoeleka akitazamwa kwa kutoka chini kwenda juu. Hapa hatazamwi kabisa. Ametolewa kimo. Anayeugua hutazama dari, hujulishwa mambo na nyuso zinazomjia kwa zamu zake zenyewe, na hana uwezo wa kugeuza kichwa cha ulimwengu upande wake. Ni filamu chache za kivita zilizoukubali unyonge huo wa kiume bila kuukimbilia kuufidia kwa ushujaa.

Lakini kamera iliyolala na askari imechagua sentensi (2). Askari anauguza majeraha. Muuguzi ni uso unaoingia na kutoka. Tangu anapovuka mlango hadi busu, Catherine hafanyi tendo hata moja ambalo mhudumu wa wodi angelitambua. Hashiki mkono kupima mapigo, hakagui bendeji, hatazami kidonda. Na busu linapofika, ukaribu wa uso wake, ambao kwa muuguzi ni ukaribu wa kazi, umekwisha kugeuzwa kuwa ukaribu wa mpenzi. Ufundi uliomfanya askari awe mwanadamu mzima katika kuugua kwake ndio huohuo uliompunguza muuguzi akawa jicho.

Ulinganisho na riwaya unaonesha kwamba upotevu huo haukuwa wa lazima. Riwayani, kabla ya Frederic kupasuliwa goti, Catherine ndiye anayemwandaa kwa upasuaji, kazi zile za mwilini zisizotajwa mezani zikiwemo, na anazifanya mwenyewe kwa sababu hapendi mwingine amguse. Penzi na kazi viko katika mkono mmoja, na kimoja hakijakifuta kingine. Pengine ndizo kurasa pekee ambamo Hemingway anakaribia kuandika sentensi (1) kwa ukamilifu. Zaidi ya hayo, Catherine huchukua zamu za usiku ili awe na Frederic, na mchana hulala kidogo tu. Rafiki yake Ferguson humjia Frederic na kumtaka amshauri Catherine apumzike zamu za usiku kwa muda, maana anachoka. Ni tukio dogo ajabu. Askari, kwa siku nzima, hakuwa amefikiri kwamba furaha yake ina mtu anayeilipia usingizi. Uchovu huo wa Catherine haukupata nafasi katika filamu ya Borzage.

Kilichopata nafasi badala yake ni kasisi. Kando ya kitanda cha hospitali, kasisi anayasoma maneno ya baraka juu ya wapenzi hawa wasio na cheti cha ndoa, na kitanda cha mgonjwa kinageuka madhabahu. Borzage, ambaye katika filamu zake nyingi hulitazama penzi kama imani, hapa yuko nyumbani kwake. Tukio hilo ni zuri na lina mantiki ya wakati wake, kwani studio za Marekani zilikuwa tayari na kanuni za maadili, ingawa utekelezaji mkali ulingoja hadi mwaka 1934. Hata hivyo, baraka hiyo inakamilisha kilichoanzishwa na busu. Catherine amekwisha kuwa mke. Kuwa muuguzi sasa ni jambo la nguo aliyovaa.

Mwisho wa filamu ni Uswisi, katika uzazi unaokwenda vibaya. Sasa anayeugua ni mwanamke, na mwanamume aliyetoroka jeshi na kuvuka mpaka amefika kando ya kitanda. Hapa ndipo kitenzi kingeweza kugeuka. Aliyeuguzwa angeweza kuuguza, na sentensi (4) ingekuwa na maana yake nzito. Filamu haimpi Frederic kazi hiyo. Haijui amfanyishe nini. Mwanamume anasubiri, anaomba, anashika mkono, analia. Na kamera, iliyokubali kulala na askari katika machela, kwenye kitanda cha kifo cha Catherine inasimama na kumtazama usoni, taa za Lang zikiwa zimempamba kuliko alivyopata kupambwa akiwa mzima. Haitupi dari yake. Kengele za kusitishwa kwa vita zinapolia, Frederic anaunyanyua mwili uliofunikwa shuka jeupe, anauelekeza dirishani, na kulitamka neno la amani. Mwanamke amekuwa bendera ya mapatano. Wako watakaoona kwamba hiyo ni heshima. Lakini ni heshima anayopewa mtu asiyeweza tena kuikataa.

Inajulikana kwamba kampuni iliandaa pia mwisho mwingine ambamo Catherine hafi, kwa ajili ya kumbi za sinema zilizoutaka. Jambo hilo kwa kawaida hutajwa kama mfano wa biashara kuihujumu sanaa. Kwa mjadala huu lina maana nyingine: kufa au kupona kwa Catherine kungeweza kubadilishwa mwishoni bila kugusa chochote kilichotangulia, kwa sababu filamu ilikuwa haijamjengea maisha ya kazi ambayo kifo chake kingeyakatiza.

Milima ya 1957

Filamu ya mwaka 1957 haihitaji maelezo marefu. Ilikuwa ya mwisho kutayarishwa na David O. Selznick, ambaye alimpa mkewe, Jennifer Jones, nafasi ya Catherine mbele ya Rock Hudson. John Huston, aliyeajiriwa kuiongoza, aliondoka baada ya kutoelewana na Selznick, na Charles Vidor akachukua nafasi yake. Ilipigwa Italia kwa skrini pana ya CinemaScope, na upana huo ndio ulioizamisha. Kitanda ni kitu kidogo. Kuuguza ni tendo la umbali wa mkono. Skrini pana inataka milima, misafara ya magari, maelfu ya wakimbizi wa mafungo ya Caporetto ya mwaka 1917, nayo inavipata vyote kwa fahari. Muuguzi anabaki kando ya mandhari. Aliyekumbukwa na watoa tuzo ni Vittorio De Sica peke yake, aliyeigiza kama daktari Rinaldi na kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, na uteuzi huo ulikuwa wa haki: katika filamu hiyo ndefu, mhudumu wa afya anayeonekana kuchoshwa na wagonjwa wake ni yeye. Uchovu ulirudishwa, ila alipewa mwanamume.

Kuna la kusema kuhusu namna Hollywood ilivyomtendea Hemingway mgonjwa kwa jumla. Miaka mitano kabla, The Snows of Kilimanjaro ya Henry King ilikuwa imemchukua mwandishi anayekufa kwa mguu uliooza chini ya mlima huo na kumponya, kinyume cha hadithi fupi ya mwaka 1936 ambamo anakufa usiku, akiuguzwa na mkewe. Katika hadithi hiyo kuna watu wengine wanaobeba kitanda cha mgonjwa, wanaoleta maji na kukoka moto, nao huitwa na kuamrishwa kwa maneno machache ya Kiswahili. Wasomaji wa Afrika Mashariki wamezoea kuyatafuta maneno hayo kurasani kama mtu atafutaye jina la kijiji chake katika ramani. Ni nadra kuulizwa kwamba, kwa maana ya sentensi (3), nani hasa alikuwa akiuguza katika kambi ile.

Kazi yarudishwa: filamu ya 1996

In Love and War ya Richard Attenborough ilikuja na nia tofauti. Chanzo chake hakikuwa riwaya bali kitabu cha Henry Villard na James Nagel kilichotoka mwaka 1989, ambacho kilichapisha shajara na barua za Agnes. Villard mwenyewe alilazwa katika hospitali ileile ya Milan mwaka 1918, na anaonekana katika filamu kama mhusika. Sandra Bullock ni Agnes. Chris O'Donnell ni Ernest. Kwa mara ya kwanza muuguzi amerudishiwa jina lake, utaifa wake, umri wake na taaluma yake.

Amerudishiwa pia kazi. Mguu wa Ernest unaanza kuoza, daktari anataka kuukata, na Agnes anapinga, anaomba muda, anakisafisha kidonda kwa mikono yake mpaka mguu unapona. Mtazamaji anaona jeraha, anaona bendeji ikifunguliwa, anaona maumivu yasiyopendeza. Baada ya jicho la mwaka 1932 na milima ya mwaka 1957, hayo ni mapato makubwa, na wahakiki walioiponda filamu kwa ubaridi wa waigizaji wake wawili hawakuyapa mapato hayo uzito uliostahili.

Lakini kitenzi kilichochaguliwa ni -ponya. Agnes anaoneshwa akishinda: amebishana na daktari, amethibitika kuwa na haki, ameuokoa mguu. Kazi yake imepewa kikomo na tija ili iweze kusimuliwa, na kwa hiyo imekuwa ushujaa, jambo ambalo filamu za kivita tayari zinajua kulipigia picha. Kuuguza kusikoishia katika ushindi, zamu ya saa tisa usiku ambayo ikikwenda vizuri hakuna kinachotokea, kunaendelea kukosa picha yake. Kuna athari nyingine isiyo dhahiri. Mguu uliookolewa ni deni. Penzi la Ernest linakuwa kama malipo anayomletea aliyemponya, na mtazamaji anaanza kusubiri risiti.

Ndiyo maana barua ya Machi 1919 ni tatizo kwa filamu. Katika barua halisi Agnes anamweleza kijana, pamoja na mengine, kwamba anampenda bado, ila zaidi kama mama kuliko kama mchumba. Maneno hayo kwa kawaida husomwa kama kisingizio cha mwanamke aliyepata mchumba mwenye hadhi zaidi. Yanaweza kusomwa vingine. Aliyezoea kuuguza anajua tofauti baina ya ukaribu wa zamu na ukaribu wa maisha, na huenda asiijue vizuri mpaka mgonjwa apone na kuondoka. Agnes alikuwa amejitolea kwa zamu za usiku mjini Milan. Kabla vita havijaisha alikwisha kupelekwa Florence, na baadaye Treviso, kuwahudumia wagonjwa wengine. Kazi ilikuwa imesonga mbele. Barua ile inatenganisha -uguza na -penda, vitenzi ambavyo kijana wa miaka 19 alikuwa ameviunganisha akiwa amelala chali. Kwa lugha ya sarufi, anamwambia kwamba alichokidhania kuwa ni kupendana kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kumuuguza.

Filamu haikuweza kuiacha barua hiyo isimame. Inamfanya Agnes ajutie. Mchumba Mwitaliano, aliyegeuzwa na filamu kuwa daktari, anakataliwa na Agnes mwenyewe, ilhali katika historia ni familia ya afisa yule iliyoikataa ndoa. Kisha Agnes anasafiri hadi Michigan, kwenye nyumba ya familia ya Hemingway kando ya ziwa, kumwambia Ernest kwamba anampenda bado, na Ernest, kwa kiburi cha aliyeumizwa, hampokei. Mkutano huo haukuwahi kutokea. Wawili hao hawakuonana tena baada ya kijana kuondoka Italia. Waandishi wa filamu wana ruhusa ya kubuni, na hakuna mhakiki mwenye akili atakayewashtaki kwa hilo peke yake. Kinachostahili kuulizwa ni mwelekeo wa ubunifu. Katika riwaya ya mwaka 1929, mwanamke aliyeacha aligeuzwa kuwa mwanamke aliyekufa. Katika filamu ya mwaka 1996, iliyotaka kumtendea haki, mwanamke aliyeacha amegeuzwa kuwa mwanamke aliyerudi kuomba. Kwa namna zote mbili, uamuzi aliouchukua akiwa na akili timamu na kalamu mkononi umefutwa.

Inaweza kusemwa kwamba sinema ya mapenzi haiwezi kufanya vingine, kwamba bila majuto hakuna mwisho. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, lakini inasahau kwamba filamu ilikuwa na mali nyingine mkononi. Shajara ilikuwapo, barua zilikuwapo, na maisha ya Agnes baada ya Italia yalikuwapo: aliendelea kuufanyia kazi Msalaba Mwekundu, Romania na baadaye Haiti. Mwisho ungeweza kupatikana katika wodi nyingine, kwa mgonjwa mwingine ambaye hakuja kuwa mwandishi. Kilichokosekana ni imani kwamba mtazamaji angekubali kumfuata muuguzi mpaka huko bila askari. Kwenye skrini, askari anaweza kumwacha muuguzi na hadithi ikaendelea naye. Muuguzi akimwacha askari, hadithi inabaki hospitalini na mgonjwa.

Agnes von Kurowsky alifariki mwaka 1984 akiwa na umri wa miaka 92, na kwa kutambua utumishi wake katika Msalaba Mwekundu wakati wa vita alizikwa katika makaburi ya wanajeshi mjini Washington. Filamu ya Attenborough haimfikishi huko. Picha zake za mwisho ziko bado kando ya ziwa la Michigan.